Mali Bila Daftari: Kuchagua Karani wa Mkononi wa Nyumba Yako



Wahenga wetu walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hilo lakubaliana na mafunzo ya dini yetu. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, nayo ni aya ya 282 ya Suratul Baqara, haikuteremka kueleza sala wala saumu. Imeteremka kuwafunza waumini kuandika deni la muda, dogo kwa kubwa, kuliwekea mashahidi, na kumtaka karani aandike kwa uadilifu. Tukizingatia hayo, tutafahamu kwamba kutunza kumbukumbu za nyumba ni sehemu ya kutunza haki za watu.

Zamani karani wa nyumba alikuwa ni daftari la karatasi lililofichwa chini ya mto, au kumbukumbu ya mama mwenyewe. Kisha vikaja vyombo vya mkononi. Mwaka 1984 kampuni ya Psion ya Uingereza ilitoa kijitabu cha umeme kilichoitwa Organiser. Mwaka 1993 Apple ya Marekani ikatoa Newton, na mwaka 1996 kampuni ya Palm ikatoa Pilot, ambayo mtu aliiandikia kwa kijiti juu ya kioo chake. Vyombo hivyo vya mwanzo havikuwa vya kupigia simu. Kazi yake ilikuwa kuweka majina, nambari, miadi na hesabu, na bei yake ilikuwa ya matajiri na wenye maofisi.

Kwetu kazi hiyo ilikuja kushikwa na simu. Nokia 1100 iliyotoka mwaka 2003, ile yenye tochi ambayo Wakenya waliipa jina la mulika mwizi, ilikuwa tayari na orodha ya majina, kikokotoo na kengele ya ukumbusho. Mwaka 2007 ikaja M-Pesa, na simu ikawa mkoba wa fedha pia. Leo kalenda, saa, mkoba, msahafu na daftari la madeni vyote vimekusanyika ndani ya kiganja kimoja.

Basi ndugu zangu, akina mama na akina baba wa Magarini, anayenunua simu leo anaajiri karani wa nyumba yake. Karani huchaguliwa kwa kazi atakayoifanya, kwa uaminifu wake, na kwa njia ya halali aliyopatikana nayo. Kung'aa kwa nguo zake si sifa ya ukarani.

KWANZA, ANDIKA HAJA ZAKO

Kabla ya kuteremka Malindi kutazama madirisha ya maduka, keti na jamaa zako jioni moja baada ya sala ya Isha. Chukua karatasi, uandike haja za nyumba yako katika mafungu manne.

Fungu la kwanza ni nyakati. Hapa huingia siku za kliniki ya mtoto, siku za kufungua na kufunga shule, saumu za sunna na masiku meupe ya mwezi 13, 14 na 15. Kwa mama wa Kiislamu huingia pia idadi ya siku za Ramadhani anazodaiwa, na siku za ada yake ya mwezi, kwani fiqhi imejengea hukumu nyingi juu ya mwanamke kuijua desturi yake. Mjane huhesabu eda ya miezi minne na siku kumi. Mwenye mali huhesabu mwaka wa zaka, ambao ni mwaka wa mwezi mwandamo wenye siku 354 au 355. Anayeihesabu zaka kwa kalenda ya Januari hadi Desemba huichelewesha kwa siku kama kumi na moja kila mwaka, naye huenda hana habari.

Fungu la pili ni watu: nambari za jamaa, mwalimu wa madrasa, mkunga, daktari, mwenye bodaboda wa kuaminika usiku.

Fungu la tatu ni mali: nani anakudai, nani unamdai, zamu ya chama imefika kwa nani, unga wa mahamri umenunuliwa kwa bei gani na mauzo ya asubuhi yalikuwa kiasi gani.

Fungu la nne ni elimu: msahafu, darsa za kusikiliza, na masomo ya watoto.

Ukisha kuandika, liulize kila fungu maswali matatu. Mambo yenyewe ni mengi kiasi gani? Nani atayaandika, na nani mwingine ana haki ya kuyasoma? Yakipotea, hasara yake ni nini? Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayokuongoza dukani, si maneno ya muuzaji.

MAKARANI WANNE

Karani wa kwanza ni daftari la karatasi. Msimdharau. Hahitaji chaji, hahitaji intaneti, na shahidi anaweza kutia saini yake pale pale chini ya deni. Aibu zake ni kwamba hakukumbushi, na maji, panya na mchwa ni maadui zake.

Karani wa pili ni simu ndogo ya vibonyezo, tuliyozoea kuiita kabambe. Betri yake hudumu siku kadhaa, nayo ni neema kubwa kwa nyumba za bara ya Marafa, Garashi na Adu ambazo waya wa umeme haujazifikia, na ambazo simu huchajiwa kwa jua au dukani kwa malipo. Ina majina, kengele, kikokotoo na tochi, na nyingi zina kalenda. M-Pesa hupatikana humo kwa kupiga *334#. Udhaifu wake ni kwamba nafasi ya ujumbe hujaa upesi, na ikipotea hupotea na yaliyomo. Majina yaliyohifadhiwa katika laini yenyewe husalimika ukiihamishia laini hiyo kwenye simu nyingine, lakini laini ikipotea pamoja na simu, majina hayo pia yamekwenda.

Karani wa tatu ni simu janja. Huyu anaweza kazi zote za mafungu manne: kalenda ya Kiislamu, nyakati za sala, jedwali la hesabu, picha ya risiti, msahafu wenye sauti ya msomaji, na kuhifadhi nakala mbali ili simu ikipotea kumbukumbu zisipotee. Lakini karani huyu hula sana. Ataka chaji kila siku au kila baada ya siku moja, ataka bando la intaneti, na ana masikio mengi yanayosikiliza mambo ya nyumba. Isitoshe, humfungulia mtoto milango ambayo mzazi hakuikusudia.

Karani wa nne ni kishikwambi, yaani tableti. Kioo chake kipana chafaa kwa mwalimu wa madrasa, kwa mwanafunzi, na kwa mzee ambaye macho yamepungua nguvu na apenda kusoma msahafu kwa herufi kubwa. Kwa mama wa sokoni ni mzigo, kwani hakiingii mfukoni na huwavuta wezi.

Tuchukue mifano. Mama anayeuza mahamri na viazi karai huko Gongoni, mwenye wadeni kumi na watano na chama kimoja, kabambe na daftari la shilingi chache vyamtosha kabisa. Mama anayeuza madira na leso kwa kutuma picha kwa wateja wa Mombasa na Nairobi hawezi kufanya kazi yake bila simu janja, na kwake gharama hiyo ni mtaji. Mvuvi wa Ngomeni ahitaji chombo kisichochoka upesi, chenye tochi, kilichofungwa ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji. Mweka hazina wa chama cha wanawake thelathini ahitaji simu janja yenye jedwali la hesabu, na pembeni yake daftari ambalo wanachama wote wanaweza kulifungua na kulisoma. Bibi aliyebaki na wajukuu ahitaji vibonyezo vikubwa, sauti ya juu, na nambari tano za watu watakaomjibu.

MAMBO YA KUKAGUA DUKANI

Ukiisha kumjua karani unayemtaka, mkague. Tazama betri kwanza. Kwa simu janja, uwezo wa betri huandikwa kwa herufi mAh, na siku hizi 5000 ni kipimo cha kawaida hata kwa simu za bei nafuu. Tazama nafasi ya kuhifadhi. Gigabaiti 32 hujaa upesi kwa picha na video za makundi ya ukoo, kwa hivyo 64 ni bora, na iwe yakubali kadi ya kumbukumbu. Uliza kama kampuni iliyoiunda bado inaitumia masasisho ya usalama. Simu isiyopata masasisho ni kama nyumba ambayo komeo lake limeoza: kwa nje yaonekana imefungwa.

Wakazi wa Gongoni, Ngomeni na Marereni waishio karibu na mashamba ya chumvi wazingatie tundu la chaji. Hewa ya chumvi huozesha chuma, basi kifuniko kizuri si pambo, ni kinga.

Piga *#06#. Itatokea nambari ya utambulisho wa simu yenye tarakimu 15. Ilinganishe na iliyoandikwa kwenye boksi, kisha iandike katika daftari lako la nyumbani, kwani utaihitaji ukienda kuripoti wizi. Wengi wetu twakumbuka mwisho wa Septemba 2012, Tume ya Mawasiliano ya Kenya ilipoamuru simu bandia zizimwe katika mitandao. Aliyenunua kwa bei ya kutupa alibaki na kioo cha kujitazamia. Dai risiti na dhamana ya maandishi. Na simu iliyotumika, isiyo na boksi wala risiti, inayouzwa kwa haraka barazani, Muislamu aiogope. Kununua kitu ukijua kimeibwa ni kumsaidia mwizi.

Jambo la mwisho la kukagua lahusu ibada. Programu ya kibla ijaribiwe hapo hapo. Kwetu pwani ya Malindi, Makka iko karibu kaskazini kabisa, kwa tofauti ndogo mno. Mshale ukielekea mashariki au magharibi, simu ina kasoro, au kifuniko chake kina sumaku inayoipotosha. Na nyakati za sala zilinganishwe na adhana ya msikiti wenu, kwa sababu programu hizo hutumia hesabu mbalimbali za kupambazuka kwa Alfajiri.

NAMNA YA KULIPA

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Njia safi zaidi ni kuweka akiba na kununua kwa taslimu. Lakini si kila mtu anazo fedha hizo kwa mkupuo, na tangu mpango wa Lipa Mdogo Mdogo uanze mwaka 2020, biashara ya simu za malipo ya kidogo kidogo imeenea nchini hadi vijijini.

Je, sheria yasemaje? Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la kimataifa, katika kikao chake cha sita kilichofanyika Jidda mwaka 1990, lilipitisha azimio kuhusu bei ya malipo ya awamu. Lilisema yafaa bei ya kulipa kwa muda izidi bei ya taslimu, kwa sharti muuzaji na mnunuzi wakate shauri juu ya bei moja inayojulikana kabla ya kuachana. Lilisema pia kwamba mnunuzi akichelewa, haifai kumwongezea chochote juu ya deni, hata kama aliliridhia sharti hilo, kwa sababu nyongeza hiyo ni riba. Na likamkumbusha mwenye uwezo kwamba kuchelewesha malipo ni haramu.

Basi kabla ya kuweka kidole, uliza kwa sauti: jumla nitakayolipa hadi mwisho ni shilingi ngapi? Je, nikichelewa wiki mbili, jumla hiyo itaongezeka? Ikiwa jibu la swali la pili ni ndiyo, ondoka, hata simu iwe nzuri namna gani. Na mkopo wa simuni unaotoza ada kwa kila siku inayopita, ukiuchukua ili kununulia simu, umeingia katika mlango huo huo kwa jina jingine.

Jumla hiyo igawanye kwa siku za malipo, uitazame pamoja na pato la siku mbaya ya soko, si la siku nzuri. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Liko jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji sana. Simu nyingi za malipo ya awamu hujifunga zenyewe malipo yakikosekana. Mama aliyeandika wadeni wake wote ndani ya simu hiyo, siku biashara itakapolala na malipo yakakosekana, atafungiwa daftari lake lenyewe wakati anapolihitaji zaidi, naye hataweza hata kuwafuata anaowadai ili apate cha kulipa. Kwa hivyo, maadamu simu haijamalizika kulipwa, usiifanye karani wa pekee. Madeni yaandikwe karatasini pia.

AMANA ILIYO NDANI

Simu ya mama wa Kiislamu ina picha alizopiga bila mtandio akiwa na binti zake, ina maneno ya mumewe, ina siri za shoga yake aliyekuja kumlilia. Yote hayo ni amana. Weka nambari ya siri ambayo si mwaka wako wa kuzaliwa. Fundi wa simu akikuomba nambari hiyo, keti naye mpaka amalize. Ukiiuza simu au kumpa ndugu yako, futa kila kilichomo kwa kuirudisha katika hali ya kiwandani, kisha uifungue mwenyewe uhakikishe.

Programu yoyote ikiomba ruhusa, iulize moyoni: tochi yataka majina ya jamaa zangu kwa kazi gani? Programu za mikopo zimewaaibisha watu wengi kwa kuwapigia simu wakwe na majirani wa mdaiwa. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 zimewakataza wakopeshaji wa kidijitali kuichukua orodha ya majina ya mteja ili kuwatumia watu ujumbe anapochelewa kulipa. Na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 imempa kila mtu haki ya kujua taarifa zake zinatumiwa vipi. Haki hizo ni zako, lakini kinga ya kwanza ni kutotoa ruhusa usiyoifahamu.

Na ndani ya nyumba, mume na mke wakumbuke kwamba Suratul Hujurat imekataza kupelelezana. Simu ya mwenzio si uwanja wa kuwinda. Mwenye shaka azungumze kwa wema, au waite watu wazima wa pande mbili.

SIKU MWENYEWE HAYUPO

Nimeliacha la mwisho lililo zito kuliko yote. Mtume, rehema na amani zimshukie, amefundisha katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kwamba Muislamu mwenye jambo la kuusia asilale siku mbili ila wasia wake umeandikwa. Na wanazuoni wamelieleza deni la maiti kwa maneno mazito, kiasi kwamba hulipwa kutoka katika mali yake kabla ya warithi kugawana.

Siku hizi mtu hufariki, na madeni yake yote, aliyokopa na aliyokopesha, yamo ndani ya simu iliyofungwa kwa nambari aliyokwenda nayo kaburini. Imamu husimama mbele ya jeneza na kuuliza kama kuna anayemdai marehemu, na mjane hana la kujibu. Mayatima hukosa haki yao kwa watu waliokopeshwa na baba yao, na marehemu hubaki na deni ambalo hakuna anayelijua. Karani aliyewekwa ili kulinda haki huwa ndiye aliyezifukia.

Dawa yake ni nyepesi. Kila mwisho wa mwezi, andika karatasini muhtasari wa unachodai na unachodaiwa, utie tarehe, uushuhudishe, uuweke mahali panapojulikana na mtu mmoja mwaminifu. Humhitaji mtu huyo kuzijua siri zako nyingine. Yamtosha kujua lilipo jalada, nalo likiwa na haki za watu.

Na anayekwenda Malindi wiki hii kununua simu, aanze na karatasi yake ya mafungu manne. Iwapo kabambe itamtosha, asione haya kuishika mbele ya wenzake. Iwapo haja yake ni simu janja, aichukue kwa halali na kuitumia kwa amana. Mwenyezi Mungu atujaalie riziki safi, atuwezeshe kulipa madeni yetu tungali hai, na azihifadhi siri za nyumba zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.